Ukikasirika na jirani, fanya hivi kabla jua halijazama

Hasira sio dhambi jamani, Waefeso 4:26 inasema ukasirike ila usitende dhambi, na jua lisizame bado una uchungu moyoni. Sasa unafanyaje? Kwanza simu weka mbali, usijibu meseji wala usirekodi voisi. Halafu mwambie Mungu kilichokuuma, kitaje chenyewe, usiseme tu "nisamehe hasira zangu", sema "Bwana nimeona aibu alivyonisema mbele za watu", maana mara nyingi chini ya hasira kuna aibu au woga, na hapo ndo panapotaka kutibiwa.

Mimi hapa Ngamiani niligombana na mama jirani kisa ndoo yangu ya maji, nikanuna mchana kutwa hadi samaki wakaungulia kwenye kikaango, ila adhana ya Magharibi ilipokaribia nikaenda kwake, nikapiga hodi, nikamwambia "dada, nilikupandishia sauti, nisamehe", basi. Usiongeze "lakini na wewe", hiyo lakini inaharibu kila kitu. Asipokujibu vizuri mwache, usimdai msamaha, kesho msalimie kama kawaida.