Wazazi wako Bukavu, wewe uko ng'ambo, na telekomande imegoma

Umewatumia wazazi Fire TV Stick, kile kijiti kinachochomekwa kwenye televisheni ili kuonyesha filamu za intaneti, wakafurahi, halafu jioni moja simu inalia: "Mwanangu, ile kitu haifanyi kazi tena." Kabla hujamwambia mama abonyeze chochote, muulize kile kijiti kinapata umeme wapi.

Wengi hukichomeka kwenye USB ya televisheni, kwa sababu chaja iliyotoka Marekani ina meno bapa yasiyoingia kwenye soketi za kwetu. USB hiyo mara nyingi hutoa nusu ampea tu, na kijiti kinataka ampea 1. Basi kinawaka, kinaonyesha nembo, kinazimika, kinaanza upya, na lawama zote zinaiangukia telekomande. Atafutiwe adapta ya meno ya mviringo. Chaja ikiwa imeandikwa 100–240V, umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, inauweza. Ukikatika, wachomoe kila kitu mpaka urudi na kutulia, maana ule wa kurudi kwa kishindo huua vifaa.

Umeme ukiwa sawa, ndipo mgeukie telekomande. Atoe betri na akuonyeshe kwa kamera vile vyuma vya ndani. Penye unga mweupe apafute kwa kitambaa kikavu, atie betri mpya zote mbili. Achomoe kijiti kwa dakika moja, akirudishe, asubiri ukurasa wa mwanzo, kisha akae karibu na kushikilia kitufe chenye picha ya nyumba kwa sekunde 10. Hesabu naye kwa sauti, kwa sababu wazee huachia mapema.

Kama vitufe vingine vinaitika ila sauti haipandi, telekomande ni nzima. Vitufe vya sauti hutuma mwanga usioonekana moja kwa moja kwenye televisheni, na kile kitambaa cha kufuma kinachoning'inia mbele yake kinatosha kuuzuia. Kiondolewe kwanza.

Imepotea kabisa? Simu yenye programu ya Fire TV inafanya kazi yake, ila lazima simu na kijiti viwe kwenye Wi-Fi moja. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: intaneti ilitoka kwenye simu ya kaka, na kaka amehamia Goma na simu yake. Simu nyingine igawe intaneti kwa jina lilelile na nywila ileile, herufi kwa herufi. Kijiti kitajiunga chenyewe, kisha simu ya pili yenye programu ijiunge hapo na kukiongoza. Kwa hiyo andika jina na nywila hiyo mahali utakapoipata.

Tena, kama kijiti bado hujakituma, shusha ubora wa picha kwanza. Netflix ya HD hula takriban GB 3 kwa saa, na ubora wa kawaida GB 1. Wazazi wananunua data kwa pesa yao, na wengi hawatakuambia kwamba imewashinda.