Somo: Kabla ya kuandika "uzembe", kagua duara

Mtu akiumia duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, daftari huandikwa neno moja: uzembe. Kesho yake anashuka mwingine kwa kamba ileile, na kosa linamsubiri palepale. Wasimamizi wa zamu, fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Winchi. Kaa anapokaa mwendeshaji. Anauona mdomo wa duara bila kupinda shingo? Kama mna winchi mbili, na kishikio cha moja ukikisukuma kamba hushuka ilhali cha nyingine huipandisha, rekebisheni zifanane, maana mtu akishtuka mkono hufuata mazoea. Halafu ishara. Kompresa inameza sauti, kwa hiyo kuitana kwa kelele ni kubahatisha, fungeni kengele. Winchi ikiwa inatembea, pigo moja liwe "simama". Migodi mingi mikubwa hufanya hivyo, na ni haki: aliyebanwa hana nafasi ya kupiga mara tatu.

Hatua ya 2: Baruti. Wawili wahesabu milipuko, kila mmoja kivyake, bila kunong'onezana. Hesabu zikipishana, au zikiwa pungufu ya matundu yaliyowashwa, hashuki mtu. Kwa utambi wa kuwasha, subirini angalau dakika 30.

Hatua ya 3: Macho na usingizi. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa. Anayetoka juani asikabidhiwe kukagua matimba (magogo yanayoshikilia mwamba) papo hapo. Kazi ya hatari isipangwe saa tisa usiku.

Hatua ya 4: Mzigo. NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, inaweka kikomo cha kuinua cha kilo 23, tena kwa aliyesimama vizuri na mzigo ukiwa karibu na mwili. Aliyeinama chini ya mwamba abebe pungufu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, huku tunalipwa kwa viroba. Ukivipunguza, vijana watasema unawaibia.*
Wana haki kulalamika. Pimeni kwa kilo, si kwa idadi ya viroba. Kiroba kidogo, mizani juu, hesabu mbele ya wote.

*Na anayevua kofia makusudi?*
Muulize kwanza kwa nini. Mara nyingi humdondoka akiinama, na dawa yake ni mkanda wa kidevu. Akishaupata na bado anavua, hapo mpandishe juu, zamu hiyo hafanyi.

*Kengele ya umeme au ya kamba?*
Ya kamba. Jenereta ikizima bado inalia.