Chungu kifupi, udongo wa punje: ninavyotunza bonsai Dar es Salaam

Bonsai yangu ya kwanza, yaani mti unaokuzwa mdogo ndani ya chungu kifupi, ilikufa huku inaogelea. Ilikuwa benjamina ya futi moja hivi, niliinunua kandokando ya barabara mwaka 2014, imepandwa kwenye chungu cheusi kinachong'aa, juu imemwagiwa vikokoto vyeupe vilivyogandishwa kwa gundi. Muuzaji aliniambia niipe kikombe kimoja cha maji kila asubuhi. Sikukosa hata siku moja. Mwezi wa tatu majani yakaanza kupukutika. Nikadhani ina kiu, nikaongeza kikombe cha jioni. Nilipokuja kuing'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inateleza vidoleni kama tambi zilizolala, na inanuka mtaro. Udongo wenyewe ulikuwa mfinyanzi mtupu uliogandamana kama tofali bichi. Chini kulikuwa na tundu moja, nalo limeziba.

Mimi ni fundi umeme. Taa ikiungua mara mbili, hatubadilishi ya tatu kabla ya kujua kinachoziunguza. Kwa hiyo nilitaka kujua ule mti uliuawa na nini hasa, na jibu nililipata jikoni.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Iloweshe hadi ishibe, kisha ilaze bapa juu ya kiganja. Maji yatadondoka, halafu yatakoma. Usiibinye. Isimamishe kwa ubavu wake mrefu: yataanza kudondoka tena. Isimamishe kwa ubavu mfupi, yatadondoka mengine. Sponji ni ile ile, maji ni yale yale, kilichobadilika ni kimo.

Udongo kwenye chungu una tabia hiyo hiyo. Ukishamwagilia na maji kuacha kutiririka, chini hubaki tabaka lililolowa chepechepe ambalo haliwezi kutoka lenyewe. Kimo cha tabaka hilo kinategemea ukubwa wa punje za udongo, hakitegemei kina cha chungu. Tuseme udongo wako unashika sentimita 4 za maji. Kwenye ndoo ya sentimita 30 mizizi ina sehemu kubwa ya kupumulia. Kwenye chungu cha bonsai cha sentimita 5, imebakiwa na sentimita 1. Ndiyo maana udongo unaostawisha mchicha bustanini unauozesha mti kwenye sinia. Na wale wanaotandika kokoto chini "ili maji yapite" wanajiongezea tatizo: tabaka la maji linakaa juu ya kokoto, karibu zaidi na shina.

Dawa yake ni punje kubwa. Mimi natumia zisizozidi milimita 6 na zisizopita kwenye wavu wa mbu, zisizo na vumbi kabisa. Vumbi ndilo adui, kwa sababu linajaza mianya yote ambayo hewa ingepita.

Wajapani, ambao walipokea sanaa hii kutoka China na kuikuza hadi dunia ikaijua kwa jina lao, wanatumia akadama, udongo mwekundu wa volkano unaochimbwa kwao, uliokauka ukawa vipunje. Baada ya tetemeko la mwaka 1923, wakulima wa bonsai wa Tokyo walihamia Omiya, kaskazini ya mji, wakifuata nafasi, maji safi na ardhi inayofaa. Walifuata udongo, nao ukawa chini ya miguu yao. Nimewahi kuona watu wakiulizia akadama hapa kwetu, na sioni sababu ya kuuagiza ng'ambo. Tuna tofali la kuchoma.

Tafuta vipande vya matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri. Kwenye nyumba zinazobomolewa utapewa bure. Kwanza kitie kipande kimoja kwenye maji usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimelainika na maji yamegeuka tope, hayo hayajaiva, achana nayo. Kikiwa kigumu, gonga kwa nyundo ndani ya gunia ili vipande visirukie machoni, kisha chekecha mara mbili: kwanza kwenye wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, halafu kile kilichopita kichekeche tena kwenye wavu wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu ya wavu wa mbu ndicho chako. Kioshe hadi maji yatoke meupe. Kazi hii inachosha mikono na ndiyo kazi yenyewe, usiiruke. Walio Arusha wana lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, na ndugu zetu wa Naivasha wana pumisi, nalo ni jiwe jepesi la volkano. Hayo ni mazuri kuliko tofali, yagongeni na kuyachekecha vivyo hivyo.

Kwa mkwaju na benjamina nachanganya makopo 3 ya tofali, kopo 1 la makaa yaliyovunjwa ukubwa huo huo, na kopo 1 la samadi ya mbuzi iliyooza ikawa haina harufu. Kwa mbuyu na bogenvilia naipunguza samadi hadi nusu kopo. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi na chokaa. Hata mchanga laini wa mto hautufai, maana unaziba mianya ile ile uliyoihangaikia.

Tuje kwenye chungu. Watu wengi wanaanzia hapa, na mimi nasema pawe mwisho. Mti mchanga ukiutia kwenye chungu cha bonsai hautanenepa shina, utabaki na kijiti miaka kumi. Mkwaju wangu ninaoupenda kuliko yote niliuotesha mwaka 2016 kutokana na mbegu za ukwaju wa sokoni, kabla mama watoto hajauchemsha kwa ajili ya juisi. Niliuweka miaka mingi kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa chini matundu kumi, nikawa naukata kichwa na kuuacha ukue tena, naukata na kuuacha. Shina lilipofika unene wa sentimita 4 chini kabisa, ndipo nikaufikiria chungu.

Kipimo ninachofuata ni cha siku nyingi na hakijaniangusha: kina cha chungu kiwe sawa na unene wa shina pale linapoingia udongoni, au kuzidi kidogo kwenye joto letu, na urefu wa chungu uwe theluthi mbili ya kimo cha mti. Mkwaju wangu una sentimita 36, chungu chake kina urefu wa sentimita 24 na kina cha 5. Nilikwenda kwa mama mmoja mfinyanzi nikamchorea chini kwa kijiti.

"Mwanangu, hiki utapikia nini?"

"Sipikii, mama. Napandia mkwaju."

Akanyamaza akikitazama kile kichoro, kisha akauliza matundu mangapi. Swali hilo lilinifurahisha sana, kwa sababu ndilo lililokuwa muhimu. Tulikubaliana matundu mawili makubwa ya kutolea maji, manne madogo ya kupitishia waya, na miguu minne ili maji yasizuiwe na sakafu. Matundu lazima yatobolewe kabla ya kuchomwa. Kitako cha ndani kiwe sawasawa, kisiwe na bonde ambamo maji yatatuama. Chungu cha udongo usiopakwa rangi ya kung'aa kinapumua, kwa hiyo wakati wa kaskazi kinakauka upesi. Ukikichagua, jiandae kumwagilia mara mbili kwa siku. Kile cha kung'aa kinakaa na unyevu zaidi, na kinapendeza kwa miti ya maua. Bogenvilia yangu ya zambarau iko kwenye cha bluu iliyokolea.

Kuhamisha, mimi hufanya masika yanapoanza kunukia, mti ukiwa na nguvu za kuchipua. Funika matundu makubwa kwa vipande vya wavu wa dirishani, upitishe waya kwenye matundu madogo. Toa mti kwenye ndoo, ukwangue udongo wa zamani polepole kwa kijiti cha mshikaki kuanzia nje kuja ndani. Mkwaju una mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja kama msumari. Ukate mapema mti ukiwa mdogo, usingoje unenepe. Kata theluthi ya mizizi, si zaidi, na uache ile myembamba inayotandaa pembeni. Kaza mti kwa ule waya usitikisike hata upepo wa kusi ukivuma, kwa sababu kila ukitikisika unakata mizizi michanga. Jaza udongo wako wa punje, ukiuchoma kwa kijiti cha mshikaki hadi uingie kila pengo kati ya mizizi.

Waya wa kukunjia matawi usinunue. Mabaki ya nyaya za shaba ngumu za nyumbani yanatosha: chuna plastiki, tia shaba kwenye moto wa makaa hadi iwe nyekundu, iache ipoe. Itakuwa laini kama uzi, na ukishaikunja inakuwa ngumu tena. Kagua kila wiki, maana benjamina inanenepa haraka na waya unaizama.

Maji nayo hayana kikombe wala saa. Chomeka kijiti kikavu cha mshikaki udongoni, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka kimelowa na cheusi, ondoka. Kikitoka na unyevunyevu kidogo tu, mwagilia hadi maji yamiminike chini, subiri kidogo, rudia. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, hiyo ndiyo. Mimi nakinga mvua ya batini kwenye pipa.

Mbuyu una sheria yake. Kiangazi unapoangusha majani unalala, na aliyelala hanyweshwi. Nampa maji kidogo sana hadi macho ya majani yafunguke yenyewe. Ukiukata mizizi, uache kivulini siku kadhaa majeraha yakauke kabla ya kuupanda. Na mbegu zake usizitafute kwenye ubuyu wa rangi wenye sukari, zile zimepikwa. Nunua ule mweupe.

Mti uliotoka kuhamishwa ukae kivulini wiki mbili, nje ya nyumba lakini mbali na upepo, bila mbolea yoyote hadi uchipue. Mkwaju hukunja vijani vyake jua linapozama. Jioni ya kwanza baada ya kuuhamisha nilipanda juu nilikouweka, na tochi mkononi, kuutazama: nusu ya vijani ilikuwa imefumba, nusu imelegea tu. Jioni ya nne vyote vilifumba, viwili viwili, nikazima tochi nikashuka.