Shifti zikipungua Uingereza, anza na kodi ya kaunsili

Ukipunguziwa saa za kazi huku Uingereza, kila utakayemweleza atakupa ushauri wa jikoni. Nunua bidhaa zenye nembo ya supamaketi yenyewe. Nenda jioni wanapobandika vibandiko vya njano vya bei iliyopunguzwa. Pika chungu kizima Jumapili, ugandishe. Ni ushauri mzuri na mimi naufuata mpaka leo. Lakini ukibana chakula mwezi mzima halafu awamu moja ya kodi ya kaunsili (council tax, kodi ya makazi unayolipa halmashauri ya eneo lako) ikapita tarehe, akiba yote hiyo ataibeba dalali wa mahakama, na atakudai gharama za kuja kwako juu yake. Kwa hiyo naanza na kodi hii, na nitairudia mpaka mnichoke.

Nazungumzia England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao. Bili hutoka kabla ya Aprili, ni ya mwaka mzima, na kwa kawaida hugawanywa mara 10, Aprili hadi Januari. Hapo hakuna shida.

Shida iko hapa. Kazini kwetu walipopunguza shifti walihamisha na siku ya mshahara, ikawa tarehe 25. Awamu yangu ilikuwa inakatwa benki tarehe mosi. Akaunti ikawa tupu, makato yakagonga mwamba, ikaja barua ya kukumbusha: lipa ndani ya siku 7. Mshahara ulipoingia nikalipa awamu ile yote, senti kwa senti. Wiki chache baadaye nikapokea samansi. Ndani yake kulikuwa na salio la mwaka mzima pamoja na gharama za kaunsili kwenda mahakamani.

Soma tena hapo. Usipolipa ndani ya siku 7 za barua ile, na siku 7 nyingine zikapita, unapoteza haki ya kulipa kwa awamu. Deni linakuwa mwaka wote, kwa mpigo. Kulipa awamu uliyochelewesha, baada ya muda huo kupita, hakurudishi mambo yalivyokuwa. Na ukichelewa, ukalipa kwa wakati baada ya kukumbushwa, usidhani utakumbushwa milele: ukifikia mara ya tatu ndani ya mwaka huohuo wa bili, wanadai salio lote moja kwa moja.

Nyumbani mtu angekwenda ofisini, akakaa kwenye benchi, akamwona mhusika na hati yake ya mshahara mkononi, wakaelewana alete nusu. Huku mhusika huyo hayupo. Kuna kompyuta inayotoa barua kwa tarehe, na anayepokea simu naye anasoma kilichoandikwa na kompyuta. Halafu Waingereza ni watu wa adabu mno kwenye karatasi. Barua ya kwanza ina tafadhali, na ile ya kukutishia dalali nayo ina tafadhali. Usipime uzito wa jambo kwa upole wa barua.

Sasa kuna akina kaka na shemeji wanaoshauri: "Subiri samansi, ukamweleze hakimu." Ndugu zangu, nawapenda, ila acheni. Hakimu pale haulizi kama una uwezo. Anaangalia kama kodi inakuhusu, kama umelipa, na kama kaunsili imefuata utaratibu. Kukosa pesa si utetezi. Akishatoa amri, kaunsili inaweza kumwagiza mwajiri akukate mshahara, au ikamtuma dalali. Viwango vilivyowekwa mwaka 2014 vilikuwa pauni 75 kwa jalada lako tu kumfikia dalali, na pauni 235 zaidi akifunga safari mpaka mlangoni. Pesa hizo hazipunguzi hata shilingi ya kodi unayodaiwa.

Akija, msimfungulie. Kwa deni hili haruhusiwi kuvunja mlango aingie, wala kuja kati ya saa 3 usiku na saa 12 asubuhi. Lakini mlango ukiwa wazi anaingia kwa haki kabisa, kwa hiyo waelezeni watoto na wageni. Gari lililoegeshwa nje nalo anaweza kulifunga mnyororo.

Kinga yake ni rahisi, ila ina wakati wake: kabla. Siku uliyoambiwa saa zinapungua, piga simu kaunsili au waandikie, uombe mambo mawili: tarehe ya makato ifuate mshahara, na mwaka ugawanywe mara 12 badala ya 10. Omba jibu la maandishi. Usisubiri barua ya kukumbusha. Ikishafika, usisubiri siku ya saba. Kama umeshazama, nenda Citizens Advice au StepChange, mashirika ya hisani yanayoshauri wenye madeni, ni bure, na uulizie ule mpango ulioanza Mei 2021 unaozuia wadai wengi kukuandama kwa siku 60. Wanaotangaza kufuta madeni kwa malipo, waache.

Angalizo jingine, na hili linaweza kukugharimu kuliko dalali. Kama viza yako ina sharti la kutogusa fedha za umma, usiombe punguzo la kodi linalotolewa kwa sababu ya kipato kidogo. Lile linahesabiwa ni fedha za umma. Watu wameelekezwa na majirani wenye nia njema, jirani mwenyewe raia, hana habari na viza. Lile la asilimia 25 kwa mtu mzima anayeishi peke yake ni jambo tofauti. Hilo si fedha za umma, liombe bila hofu. Ukikaa na mwanafunzi wa chuo wa muda wote, yeye hahesabiwi, kwa hiyo bado unalipata.

Binamu akija "kukaa kidogo" na ana kazi, punguzo hilo limekwisha. Unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 21. Ukinyamaza watarudi nyuma kudai, na binamu atakuwa ameshahamia Leicester.

Mengine haraka haraka. Umeme na gesi: kikomo cha bei cha Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, hubadilika kila miezi 3, na kinabana bei ya uniti na ada ya kila siku tu, bili yenyewe haina kikomo. Soma mita mwenyewe, uwatumie. Mita ya kulipia kabla inafanana na LUKU kwa sura tu: ukienda likizo nyumbani, ada ya kila siku inaendelea kujikusanya, na utakaporudi salio litaliwa kabla hujachemsha chai. Dawa England zina ada kwa kila aina unayoandikiwa. Mwenye dawa nyingi anunue cheti cha kulipia kwa mkupuo, na mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1 ya kuomba msaada wa gharama za matibabu. Leseni ya televisheni huna haja nayo kama hutazami kitu chochote mubashara wala BBC iPlayer, lakini mechi mubashara kwenye simu nayo inahesabika.

Na pesa za nyumbani. Mimi nilihamisha siku ya kutuma, ikawa baada ya kodi ya kaunsili kukatwa, na kwenye kundi la familia nikaandika tarehe hiyo waziwazi. Mama mdogo alinuna kidogo. Siku hizi ananipigia tarehe 26.