Kuhamisha miche ya mimea inayokula wadudu bila kuiua

Miche ya drosera (majani yenye matone ya gundi), dionea (mitego inayojifunga) na sarasenia (majani kama mitungi) hufa zaidi kwa maji yenye chumvichumvi, udongo wenye mbolea na mizizi iliyokatika siku ya kuhamishwa kuliko kwa njaa. Basi fedha yako ianzie kwenye maji na udongo. Vyungu vya mapambo vitasubiri.

Vifaa

Maji yawe ya mvua, yaliyokenekwa, au yaliyochujwa kwa osmosisi geuzi (mtambo unaosukuma maji kupitia utando na kuacha madini). Nunua kipima TDS (kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini), kile kidogo kama kalamu. Kikisoma chini ya 50 ppm (sehemu kwa milioni), tumia bila wasiwasi. Kuchemsha maji ya bomba hakusaidii, kwa kuwa madini hubaki na maji hupungua. Mengi ya maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini, kwa hiyo yapime kwanza.

Udongo ni piti (mabaki ya kuvumwani ya sfagnamu) na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano), nusu kwa nusu. Soma mfuko wa piti: ukiona tarakimu za N-P-K (alama ya mbolea), uache dukani. Badala ya perlaiti unaweza kutumia mchanga mweupe wa silika uliooshwa. Mchanga usioujua utilie siki. Ukitoa povu una chokaa, haufai. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa. Nyuzi za makumbi ya nazi mara nyingi hubeba chumvi, na kuzisafisha vizuri ni kazi ndefu isiyo na faida hapa.

Vyungu viwe vya plastiki, vyenye matundu chini. Drosera hutosheka na kina cha sentimita 8, ila dionea huteremsha mizizi mirefu, hivyo mpe 12 au zaidi. Vyungu vya udongo wa mfinyanzi huachia madini polepole. Ongeza sinia, kinyunyizio, kijiti cha meno na kijiko kidogo.

Hatua ya 1: Hakikisha wakati umefika. Drosera ihamishwe ikiwa na upana wa milimita 5 hadi 10 na majani manne au zaidi. Dionea isubiri mitego mitatu au minne. Sarasenia haina haraka, inaweza kukaa kitaluni mwaka mzima. Drosofilumu, mmea mwingine wa gundi, usihamishe hata kidogo. Mbegu yake ipandwe moja kwa moja kwenye chungu chake cha kudumu.

Hatua ya 2: Lowesha udongo. Piti kavu hukataa maji. Tumia ya uvuguvugu, kanda kwa mkono wenye glavu hadi ukiuminya utoe matone machache tu. Perlaiti inyunyizie maji kabla ya kuimimina, vumbi lake linaumiza mapafu.

Hatua ya 3: Ng'oa pamoja na bonge. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kushika jani kwa kibano na kuvuta. Lowesha kitalu saa moja kabla, kisha zamisha kijiko pembeni mwa mche, sentimita 2 kwenda chini, uuinue na udongo wake wote. Miche miwili ikiwa imeshikana, ipande pamoja, utaitenganisha ikikua.

Hatua ya 4: Panda. Toboa shimo pana kuliko bonge, literemshe, sukuma udongo pembeni kwa kijiti bila kukandamiza. Kitovu cha mche (katikati, majani yanapochipukia) kibaki usawa wa udongo. Kikifukiwa kinaoza, kikiwa juu mno mizizi inakauka.

Hatua ya 5: Funika na uangalie. Weka chungu kwenye sinia lenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2. Funika kwa plastiki angavu siku 7 hadi 14, ukiifungua zaidi kila siku baada ya wiki ya kwanza. Kusiwe na jua kali chini ya plastiki, joto litaipika miche. Taa nyeupe ya LED, umbali wa sentimita 15 hadi 30, saa 14 kwa siku, inatosha.

Drosera kupoteza matone yake ya gundi siku chache si ugonjwa. Yasiporudi baada ya wiki tatu, chunguza mwanga na pima maji upya. Ukungu mweupe ukitokea, ongeza hewa kwanza kabla ya kukimbilia dawa. Utando wa kijani juu ya udongo ni mwani. Ubandue kwa kijiti kabla haujafunika miche midogo.

Baada ya wiki tatu, unaweza kuweka chembe ya chakula cha samaki kilichosagwa juu ya jani la drosera, kiasi cha ncha ya kijiti, kila wiki mbili. Kwenye udongo usiweke chochote.