Namna ya Kulaza Bomba la Biogesi Kutoka Mtamboni Hadi Jikoni

Wafugaji wengi wa Moshi na Arusha huutazama sana mtambo wa biogesi, yaani gesi itokanayo na samadi, wakasahau bomba, ilhali moto unaokatikakatika jikoni mara nyingi chanzo chake ni bomba lililolazwa vibaya. Kama ilivyo gesi asilia isafirishwayo kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, biogesi nayo ni methani kwa sehemu kubwa, lakini hutoka mtamboni ikiwa na mvuke mwingi wa maji.

Kwa hiyo anza na mwinuko wa ardhi. Usiku wa baridi mvuke huo hupoa na kuwa maji, na maji yakituama mahali bomba lilipobonyea, gesi hupita kwa shida na moto huanza kurukaruka. Jiko likiwa juu ya mtambo, bomba lipande mfululizo ili maji yarudi yenyewe mtamboni. Likiwa chini, weka koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa, ndani ya kishimo chenye mfuniko, nawe uifungue mara kwa mara hadi maji yaishe. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha, mradi upimwe kwa pimamaji na kamba; katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, chenye miinuko, macho hudanganya.

Fukia bomba kwa kina cha sentimita 30 au zaidi, mbali na mashina ya migomba ambako jembe halikosi kupita. Bomba la plastiki huharibiwa na jua, hivyo sehemu inayotokeza nje iwe ya chuma.

Kabla ya kufukia, fungua koki kuu, funga ya jikoni, kisha upake povu zito la sabuni kwenye kila kiungo. Tazama kwa utulivu: vipovu vidogo vikizaliwa na kukua mahali pamoja, hapo panavuja, na kiungo hicho kifunguliwe, kifungwe upya na kupimwa tena. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti ni hatari kubwa, hata fundi akisema amezoea.

Gesi ya kwanza iachiwe itoke nje, mbali na moto, kwa sababu ikichanganyika na hewa iliyokuwamo mtamboni inaweza kulipuka. Baadaye, ukisikia harufu ya yai viza jikoni, funga koki kuu, fungua madirisha, wala usiguse swichi ya taa. Kwa vipimo vya mtambo mkubwa, waulize wataalamu wa CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, ambao wamekuwa wakieneza teknolojia hii tangu miaka ya 1980.