Kumfundisha mkimbiaji wa mita 100 wa daraja la T37

Katika riadha ya watu wenye ulemavu, madaraja T35 hadi T38 ni ya wanariadha wanaokimbia kwa miguu wenye mtindio wa ubongo au matatizo yanayofanana nao. Katika T37 upande mmoja ndio ulioathirika zaidi: mkono hujikunja, kisigino hakishuki vizuri, goti huchelewa kupanda. Samson Ojuka wa Kenya, aliyepata medali ya fedha ya kuruka umbali kwenye Paralimpiki ya Paris 2024, ni wa daraja hili.

Kwanza pindua viatu vyake utazame soli. Ikiwa imelika ncha ya mbele kwenye mguu mmoja tu, mguu huo unaburuta. Njumu zipimwe kila mguu peke yake, maana mguu dhaifu mara nyingi ni mdogo, na kiatu kinachopwaya kisiginoni kitamwangusha.

Apashe mwili dakika 25 hadi 30. Misuli iliyokakamaa hukaza zaidi kwa baridi, uchovu na hofu. Kunyoosha kwa kushikilia muda mrefu kungoje mwisho wa mazoezi, kwani kabla ya mbio hupunguza nguvu ya kusukuma.

Kazi kubwa iko kwenye kuanza. Vibao vya kuanzia si lazima kwa madaraja haya, hivyo usimlazimishe kuinama kama mkono hautulii chini; aanze wima. Akitumia vibao, tangulia kujaribu mguu wenye nguvu ukiwa mbele, kisha geuza, na upime muda wa mita 10 kila mara. Mlio wa bastola humshtua hadi mwili mzima unakaza na hatua ya kwanza inakuwa fupi. Mzoeshe taratibu kwa wiki kadhaa: kupiga makofi, kisha mbao mbili zikigonganishwa, ndipo bastola. Badilisha muda wa kusubiri asije akakariri.

Mbio 6 za mita 30 zinatosha, apumzike dakika 3 hadi 4 kila baada ya moja. Sikiliza nyayo: ukisikia mguu ukikwaruza, simamisha hapo hapo, hata kama zimebaki mbili. Ukiendelea, mwili unazoea kuburuta, na misuli ya nyuma ya paja la mguu wenye nguvu, unaobeba kazi ya miguu miwili, ndiyo itakayochanika.

Vyuma anyanyue mara mbili kwa wiki, mguu mmoja mmoja, akianza na dhaifu. Ile hofu kwamba vyuma huongeza kukakamaa haina msingi.

Siku ya kupangiwa daraja aje na ripoti za daktari, ajitume kwa uwezo wake wote. Anayejifanya dhaifu makusudi hufungiwa.